Gari Kuukuu na Maji ya Kisima

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mombasa



Katibu alituomba tuseme habari za gari letu dogo, kwa maana wengi wenu mmekuwa mkituuliza njiani na kwenye chai, na kila mmoja apewa jibu lake na mtu mwingine. Basi leo twasema mara moja, mbele ya watu wote, na hesabu tumekuja nazo katika daftari hili. Tulikuwa watu watano. Leo tu wanne. Sababu yake tutaieleza, na yule wa tano amekaa pale nyuma, aweza kutusahihisha tukikosea.

Wengi mwajua shida yetu ilivyoanza. Tangu treni ya Madaraka ilipozinduliwa siku ya mwisho ya Mei 2017, kazi ya wengi wetu ilihama kisiwani ikaenda Miritini, lakini nyumba zetu hazikuhama. Mmoja wetu alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na hataki kuondoka huko. Wengine wakaa Majengo, Tudor, na mmoja Mikindani. Mtu akitoka zamu usiku wa manane, matatu hazipatikani, au zikipatikana nauli imepanda. Tukapiga hesabu, tukaona tukichanga tutaweza kununua gari.

Mwezi wa Machi 2021 tulichukua mkopo katika chama chetu cha akiba, kila mtu shilingi 62,000, ikawa 310,000. Kwa fedha hizo tukanunua Toyota Vitz iliyoundwa mwaka 2002 na kuingia nchini mwaka 2010. Gari hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na Ulaya zikaitwa Yaris. Sheria yetu ya Kenya haikubali gari la mitumba lililopita miaka minane kuingia bandarini, kwa hiyo Vitz za namna hii ya kwanza haziji tena. Kila mnayoiona barabarani imekwisha kaa hapa miaka mingi, na imepita mikononi mwa watu wengi. Letu lilikuwa na alama ya kilomita 187,000. Kama namba hiyo ilikuwa ya kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Tuseme kwanza yaliyo mema. Ni gari dogo, injini yake ya lita moja, lanywa mafuta kidogo, na mnyororo wake wa ndani ni wa chuma wala si mkanda wa mpira wa kubadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Vipuri vyake vyapatikana Mwembe Tayari na Majengo, na hakuna fundi Mombasa asiyelijua. Pia ni jembamba. Mtu wa Mji wa Kale hawezi kulala na gari kubwa, kwa maana vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Letu lalala karibu na Makadara, mahali penye nafasi, na yule mwenzetu wa Kibokoni ndiye mlinzi wake.

Mwaka wa kwanza gari lilitudai kidogo kidogo. Kwanza ni mbele. Ukipita kwenye shimo wasikia kugonga, ngo, ngo, chini ya miguu yako. Hizo ni linki na boljointi zimekwisha. Tukabadilisha boljointi mbili kwa shilingi 3,000, linki mbili 2,400, shokabsoba mbili za mbele 9,000, na ufundi 3,000. Betri mpya 7,500, kwa maana joto la pwani hudhoofisha betri mapema. Pedi za breki na kusawazisha diski, 4,000. Oili na kichujio mara nne, kila mara 3,800. Jumla ya mwaka ilikuwa 44,100. Hatukulia. Mtu mmoja ni kama shilingi 735 kwa mwezi, nayo ni chini ya nauli.

Hapa tutoe maneno machache kwa anayetaka kununua gari la namna hii, kisha tuendelee. Ukikata kona mpaka mwisho na kusikia tak-tak-tak gurudumuni, jointi ya ekseli imekwisha. Ukisikia mlio kama wa ndege ya mbali unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, ni beringi ya gurudumu. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, shika fedha zako uende nyumbani. Vua kifuniko cha oili utazame chini yake: ukiona kitu kama maziwa ya mgando, maji yamekutana na oili. Vuta kijiti cha gia otomatiki. Mafuta yake yawe mekundu na safi, yakiwa meusi na kunuka kuungua usinunue. Pia piga magoti utazame chini. Gari la Mombasa hula chumvi ya hewa mchana na usiku, na lile livukalo Likoni kila siku hula zaidi. Sisi hatukupiga magoti, tulivaa nguo za kwenda kazini.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe.

Katika daftari letu tuliweka desturi ya kila dereva kuandika alichofanya: mafuta lita ngapi, upepo, oili, maji. Tulijivunia daftari hilo. Kuanzia mwezi wa Mei 2023 mkilisoma mtaona neno moja linarudi. Maji lita moja. Maji lita moja na nusu. Maji lita mbili. Maji lita mbili. Kwa wiki saba, kila siku ya tatu au ya nne, mmoja wetu ameandika hivyo na kutia sahihi yake. Sahihi zote tano zimo. Maji yote yaliyomo ndani ya injini ile na rejeta yake hayazidi lita tano. Nasi tulikuwa tukitia lita mbili kila siku tatu, wala hapana hata mmoja aliyeuliza maji hayo yaenda wapi.

Na maji yenyewe tuliyatoa wapi? Katika kisima cha uani, pale Kibokoni. Mwajua maji ya bomba kisiwani yalivyo, leo yatoka, kesho hayatoki, na mtungi wa lita ishirini ni wa kununua kwa mwenye mkokoteni. Kisima ni cha bure. Maji yake yafaa kufulia na kuoshea sakafu, lakini ukiyatia mdomoni wayatema, kwa maana kisiwa hiki kimezungukwa na bahari na bahari hupenya chini kwa chini. Sisi hatuwezi kuyanywa, lakini tulilinywesha gari.

Ndugu, mtu mwingine akifanya hivyo twaweza kumsamehe. Sisi ni watu wa reli. Reli hii ilipoanza kujengwa kutoka hapa Mombasa mwaka 1896, nyika ya Taru haikuwa na maji, na ilibidi maji yapelekwe kwa treni ili watu wa kazi waishi. Injini za mvuke zilipokuja, shida yao kubwa ilikuwa ni maji hayo hayo. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zote 34, walijua ya kuwa maji mabaya huacha ukoko ndani ya bwela. Injini ilitolewa kazini, ikapozwa, ikafunguliwa, ikaoshwa ndani, ikarudishwa. Moja ya injini hizo, Mount Gelai, ingali Nairobi katika makumbusho ya reli, na mtu akienda aitazame ukubwa wake, kisha afikiri ya kuwa tani zote hizo zaweza kushindwa na chumvi iliyoyeyuka. Hata injini za dizeli tulizo nazo kazini hazitiwi maji matupu, hutiwa dawa. Twajua hayo yote, na tulipotoka langoni tukayasahau, kwa sababu lile lilikuwa gari letu wenyewe na dawa ya rejeta ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtungi mmoja.

Ikawa usiku mmoja wa Julai, saa nane. Zamu imekwisha, tu watatu ndani ya gari. Simu ya mwenzetu wa Mikindani ikalia: mkewe ameshikwa na uchungu, na mtoto hakutarajiwa mpaka wiki mbili baadaye. Tukapita kumchukua pamoja na mama mkwe wake, mmoja wetu akashuka kupisha nafasi, tukashuka Changamwe kuelekea kisiwani.

Katika gari letu hakuna mshale wa kuonyesha joto. Kuna taa nyekundu tu, nayo huwaka mambo yamekwisha haribika. Iliwaka kabla hatujafika daraja jipya la Makupa, lile lililofunguliwa mwaka 2022.

Dereva akasema polepole, ili mama asisikie, "Taa imewaka."

Mwenye mke akajibu, "Twende."

"Tukienda injini itakufa."

"Nimesikia. Twende."

Hatukusimama. Tunasema hivyo waziwazi, kwa maana baadaye yalizuka maneno. Barabara ilikuwa tupu, tuktuk hata moja haikupita. Dereva alifanya jambo moja la busara alilolijua: alifungua hita mpaka mwisho, kwa sababu hita huchukua joto la injini na kulileta ndani ya gari. Basi fikirini, Mombasa, vioo vyote chini, mwanamke mwenye uchungu, na upepo wa tanuri unampiga miguuni. Mama mkwe alitutukana kwa Kigiriama na hatumlaumu. Injini ilianza kukosa nguvu, ikanuka, ikagonga, na ilipofika kwenye lango la hospitali ikazima yenyewe. Tukalisukuma ndani kwa mikono. Mtoto alizaliwa kabla ya saa moja kupita, msichana, mzima, na mamake mzima.

Asubuhi kosa la pili. Mmoja wetu, hatumtaji, alitaka kutazama rejeta na akafungua kifuniko baada ya kulijaribu kuliwasha tena. Maji yaliyo ndani ya rejeta hushindiliwa, kwa hiyo hupita joto la kuchemka na bado ni maji. Ukikiachia kifuniko hugeuka mvuke papo hapo. Mkono wake una alama mpaka leo. Usifungue rejeta ya moto hata kwa kitambara. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wake wa juu kwa mkono mtupu na kuhesabu kumi.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema injini imekufa, tulete shilingi 65,000 atie injini nyingine iliyotoka Japani. Tulikuwa karibu kukubali. Mwenzetu wa Kibokoni akasema tumwone kwanza mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza gari za babake. Mzee alikuja, akainama, akachovya kidole katika maji yaliyobaki, akatia ulimini.

"Mwatia maji gani humu, wanangu?"

Tukasema, "Ya kisima, mzee."

"Basi mwalipa gari chumvi, nalo lawalipa kutu."

Alifungua, akatuita tutazame. Rejeta ilikuwa imeoza kwenye matundu membamba, na maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, yakikaukia juu ya moto, ndiyo sababu hatukuona tone chini. Pampu ya maji ilikuwa imelika mapanga yake. Mota ya feni ilizunguka kwa shida, kwa hiyo kwenye mwendo gari lilipoa kwa upepo, lakini kwenye foleni lilikuwa likichemka siku zote bila sisi kujua. Na themostati haikuwamo kabisa. Fundi fulani wa zamani aliitoa na kuitupa, kama wafanyavyo wengi hapa wakisema pwani kuna joto, ya nini. Mzee alikasirika kwa hilo kuliko kwa kisima. Alisema ile ndiyo bawabu wa injini: hufunga mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi, kisha hufungua. Ukiitoa injini hukaa baridi muda mrefu na kunywa petroli bure. Tulikuwa tukijisifu lanywa kidogo, kumbe lingekunywa kidogo zaidi.

Juu ya bloku ya chuma imekaa silinda hedi ya aluminiamu, na metali mbili hizi hazitanuki sawa. Joto likizidi, hedi hupinda, na gasketi katikati hupasuka. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mzee alipima kwa rula ya chuma, akasema imepinda kidogo na mashine yaweza kuisawazisha, injini nyingine haina haja. Hesabu tunaisoma kama ilivyo: rejeta 7,500. Themostati 1,500. Pampu ya maji 4,500. Mota ya feni, kuukuu ya Japani, 3,500. Gasketi seti nzima 5,500. Hedi kupimwa na kusawazishwa 4,500. Dawa ya rejeta mitungi miwili 3,000. Oili na kichujio 3,800. Ufundi 12,000. Jumla ni 45,800. Mwaka mzima wa kwanza ulikuwa 44,100, na hii ilikuwa ni usiku mmoja.

Twataka kusema pia ya kuwa gasketi tulinunua mara mbili. Ya kwanza tuliipata kwa 1,800 katika duka moja tusilolitaja, ikiwa na karatasi nzuri na jina kubwa. Mzee aliikunja kidoleni ikabaki imekunjika kama kadibodi. Akaturudishia bila neno. Hiyo 1,800 hatukuitia katika hesabu kwa aibu, lakini leo twaitaja.

Sasa maneno yaliyozuka. Tulikaa kikao chumbani kwa mwenzetu wa Tudor. Mmoja akasema safari ile haikuwa ya kazi, ilikuwa ya nyumba ya mtu, na taa iliwaka, na mwenye mke ndiye aliyesema twende, basi alipe yeye. Mwenye mke hakubishana. Alisema, "Nitalipa zote, mnipe miezi sita." Pakawa kimya kibaya. Mshahara wake twaujua, ni kama wetu, na sasa ana mtoto mchanga.

Ndipo mwenzetu wa Kibokoni akafungua daftari akasoma tarehe moja moja na sahihi moja moja, tangu Mei mpaka Julai. Hakuongeza neno lake. Maji lita mbili, fulani. Maji lita mbili, fulani. Alipomaliza akasema kisima ni cha nyumba yao na yeye ndiye aliyekuwa akiteka. Injini haikuuawa na safari ile, usiku ule ilikuwa imekwisha ugua wiki saba.

Tukagawa mara tano, kila mtu 9,160. Yule aliyesema alipe mwenye mke alilipa sehemu yake yote siku ile ile, kisha akasema hataki shirika tena. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mwenyewe hapendi kitu asichojua kesho kitamdai nini, na ana watoto watatu shuleni. Tulilipima gari kwa 250,000, sehemu yake ikawa 50,000, sisi wanne tukamlipa 12,500 kila mtu. Anatusalimu vizuri, na mvua ikinyesha twampeleka.

Tangu hapo kila mmoja wetu hutoa shilingi 1,000 kila mwezi, liwe gari limeharibika au halikuharibika. Zaingia 4,000, kwa mwaka 48,000, na hazikopwi hata kwa mazishi. Tulijaribiwa mara moja, tukachanga kando. Rejeta hutiwa dawa iliyokwisha changanywa, na mtungi mmoja wakaa butini. Dereva akilazimika kuongeza hata nusu kikombe, haruhusiwi kuandika tu na kwenda zake. Ni lazima apige simu kwa wengine watatu siku hiyo hiyo. Mara mbili simu hiyo imepigwa. Mara ya kwanza ilikuwa mpira wa chini umelegea, klipu ya shilingi 100. Mara ya pili hatukuona kitu, na hatukuona kitu tena.

Mwaka 2024 lilitudai beringi mbili na pedi, na kutu chini ya mlango wa kushoto, ambayo fundi bati aliikata na kuziba kwa 6,000. Ilirudi. Kutu ya Mombasa hurudi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi twaliosha chini kwa maji matamu ya kununua, mitungi miwili, na majirani wa Kibokoni hutucheka kwamba gari laoga maji ambayo watoto wao hununuliwa wanywe.

Bwana Mwenyekiti, tumeulizwa kama tungenunua tena. Sisi wanne hatukubaliani. Wawili wasema ndiyo, mmoja asema afadhali pikipiki mbili, na mwenye msichana yule asema asiulizwe.

Daftari tunaliacha mezani kwa Katibu mpaka Ijumaa kwa yeyote atakaye kunakili bei. Gari lenyewe liko nje chini ya mwarobaini. Injini imekwisha kupoa, kwa hiyo mwaweza kufungua kifuniko.